Tasnifu Ianze Siku ya Usajili

Mtihani wa mwisho wa kozi ukishakusanywa, mwanafunzi wa shahada ya uzamili hupoteza kitu ambacho hakujua kuwa anakitegemea: ratiba. Kwa mihula miwili au zaidi amekuwa akijua Jumatatu saa nane yuko chumba gani, insha ipi inasubiriwa na mhadhiri yupi, na wenzake gani wa kuwapigia simu usiku somo likimshinda. Kuanzia siku hiyo hakuna anayemsubiri popote. Kuna pendekezo la utafiti ambalo halijaandikwa, na msimamizi ambaye pengine bado hajateuliwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki si ajabu kumkuta mtu aliyefaulu kozi zake zote kwa alama za A na B, na miaka minne baadaye bado "anamalizia tasnifu" ya programu iliyopangwa miezi 18 au miaka miwili. Jamaa zake humwona mvivu. Idara nayo humwona hivyo hivyo, ila kwa lugha ya kiofisi: mwanafunzi hawasiliani na msimamizi. Ni hukumu ya haraka mno, kwani shahada yenyewe imepangwa kana kwamba kozi na tasnifu ni masomo ya watu wawili tofauti.

Kozi humzoesha mwanafunzi kujibu maswali yaliyotungwa na mwingine. Tasnifu humtaka atunge swali lake. Somo la mbinu za utafiti lipo karibu kila mahali, lakini mara nyingi hufundishwa kama mengine yote: usampulishaji, hojaji, nadharia, kisha mtihani. Mtu anaweza kupata A kwa kueleza tofauti kati ya utafiti wa kitaamuli na wa kitakwimu bila kuwahi kumhoji mkulima hata mmoja.

Kisha inakuja safari ya barua. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayekwenda uwandani hubeba barua ya kibali kutoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Barua hiyo humfikisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikazaa nyingine ya wilaya, nayo ikamshusha hadi kata na kijiji. Mwenzake wa Kenya huomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, kabla ya kujitambulisha kwa wakuu wa kaunti. Anayetafiti wagonjwa ana kamati ya maadili ya kuipitia kwanza. Kila ngazi ina sababu yake, maana hakuna mwanakijiji anayestahili kuulizwa habari za maradhi yake na mgeni asiyejulikana. Tatizo ni kwamba safari hiyo huanza baada ya kozi kwisha, wakati ruhusa ya kazini inaelekea ukingoni na mwajiri ameshaanza kuuliza.

Dawa si ngeni, na imekwisha kujaribiwa hapa hapa. Mwaka 2004 vyuo vikuu kumi vya mashariki na kusini mwa Afrika viliunda RUFORUM, mtandao wa mafunzo na utafiti wa kilimo wenye makao yake Makerere, Kampala. Moja ya ruzuku zake za utafiti hupewa mhadhiri mwenye mradi, kwa sharti kwamba ndani ya mradi huo wasomeshwe wanafunzi wa uzamili wasiopungua wawili. Sharti hilo dogo hubadilisha mengi. Swali la utafiti lina mwenyewe, wakulima wanajulikana, na nauli ya kwenda shambani imo kwenye bajeti. Msimamizi naye ana sababu yake binafsi ya kusoma sura alizoletewa, kwa kuwa naye ana ripoti ya kupeleka. Mwanafunzi anayekaa kwenye somo la takwimu huku akijua ni data zipi za mihogo atakazozichambua mwakani hasikilizi kama anayesubiri mtihani tu.

Mpango huo una bei. Mwanafunzi hupungukiwa uhuru wa kuchagua mada, na mhadhiri asiye mwangalifu anaweza kumgeuza kibarua wa mradi wake. Hata hivyo, uhuru wa kuhangaika peke yake na mada ambayo hakuna anayeisoma si uhuru wa kutamaniwa.

Wachumi nao walipita njia yao. AERC, shirika la utafiti wa uchumi lililoanzishwa mwaka 1988 na kukaa Nairobi, lilizindua mwaka 1993 shahada ya uzamili ya ushirikiano. Kozi za msingi husomwa nyumbani, kisha wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutanishwa kwa masomo ya kuchagua, ambayo chuo kimoja peke yake kisingeweza kuyagharimia, halafu kila mmoja hurudi kwao kuandika tasnifu. Anayerudi ana wenzake katika nchi kadhaa wanaoandika wakati ule ule.

Si kila fani ina wafadhili. Mwanafunzi wa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayeandika kuhusu utenzi au lahaja hahitaji maabara. Anahitaji msomaji, yaani msimamizi asiyelemewa na wanafunzi wengi. Kenya, kwa viwango vya tume yake ya vyuo vikuu vya mwaka 2014, iliweka kikomo: msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamivu kwa mwaka. Kikomo ni kizuri kwenye karatasi. Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilipotunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, swali la nani aliwasimamia wahitimu wote hao lilikuwa halali kabisa, na tume ilichunguza.

Na mahali idara isipokuwapo, soko la kuandikiwa kazi hufika. Filamu The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, iliwaonyesha vijana wasomi wa Nairobi wanaolipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Ni vigumu kuamini kwamba ustadi huo hauna wateja nyumbani.

Mabadiliko yanayotakiwa hayangoji fedha za wafadhili. Msimamizi ateuliwe kabla muhula wa kwanza haujaisha. Somo la mbinu za utafiti lihitimishwe kwa pendekezo lililotetewa mbele ya idara, si kwa mtihani, na maombi ya vibali yaanze wakati masomo mengine yakiendelea. Msimamizi apewe kwa maandishi siku za kurudisha sura, kama mwanafunzi anavyopewa siku ya kukusanya kazi. Hilo la mwisho litapingwa zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Anayejaza fomu ya kuomba nafasi mwaka huu aiulize idara mapema: nani atanisimamia, ana wangapi tayari, na hurudisha sura baada ya muda gani? Aulize kabla ya kulipa, kwa sababu ada ya mwaka wa ziada hulipwa na mwanafunzi, si msimamizi.