Ushuru wa Uchakavu Ndio Unaotubakiza na Machakavu



Nikiwa likizo nyumbani, breki za Carina ya mzee zilikata kwenye mteremko tukitoka Tarime mjini kurudi Nkende. Ndani tulikuwa watano: mzee kwenye usukani, mama pembeni yake, nyuma mimi, bibi na mtoto wa jirani ambaye tulikuwa tumetoka kumchukua hospitali. Mzee alishusha gia, akavuta hendibreki, gari ikaenda kulala kwenye migomba ya watu. Hakuna aliyeumia. Mwenye migomba alihesabu mikungu miwili, tukalipa elfu thelathini, yakaisha.

Bibi aliposhuka alijifuta vumbi akasema, "Hii gari inatutafuta."

Hiyo Carina TI ilitengenezwa Japani mwaka 1998. Mimi sijazaliwa. Ina namba A, mzee aliinunua kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahama, na tangu hapo imekuwa gari ya mtaa mzima. Mama mjamzito akishikwa uchungu usiku wa manane, anayeamshwa ni mzee wangu. Kukiwa na msiba Sirari, ni Carina. Gunia la mahindi, ni Carina. Kwa hiyo ninaposema tulikaa kikao cha familia kutafuta gari nyingine, msidhani tulikuwa tunatafuta ya kujionyesha.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Alistaafu baada ya Julai 2022, yaani aliangukia kikokotoo cha asilimia 33 kwa mkupuo wakati wenzake waliotangulia walichukua nusu. Hilo la kikokotoo tumeliandika sana humu, silirudii. Nasema tu kwamba baada ya kumalizia nyumba na kulipa ada yangu, alibaki na milioni tisa. Akaniambia, "Mama, wewe unasoma sheria na una simu nzuri. Tafuta gari ya milioni tisa."

Nikafanya kile mnachofanya wote: nikaingia kwenye tovuti za Wajapani. IST ya 2004, nyeupe, picha inang'aa. Nikapiga hesabu ya kuileta hadi bandari ya Dar, na bima yake baharini, nikaona inakuja kama milioni sita. Nikapiga makofi peke yangu chumbani. Kisha nikaingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA. Kweli nchi hii kila ukigeuka kuna kikokotoo.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo watu wengi hutishwa na jumla ya mwisho bila kujua imejengwaje. Tuseme TRA wamekubali kwamba thamani ya gari hadi bandarini ni 6,000,000.

Kwanza kuna ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, asilimia 25. Hiyo ni 1,500,000, na msingi wa hesabu unakuwa 7,500,000. Juu ya huo msingi mpya unaongezwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. IST ina cc 1298 au 1497, kwa hiyo inaangukia asilimia 5, sawa na 375,000. Halafu anaingia mwenyewe, ushuru wa bidhaa kwa sababu ya umri. Gari ya miaka 8 hadi 10 inalipa asilimia 15, na iliyozidi miaka 10 inalipa asilimia 30. Ya kwetu imezidi, kwa hiyo 2,250,000. Jumlisha vyote umefika 10,125,000, na juu ya hiyo, yaani juu ya gari pamoja na kodi ulizokwisha kulipa, unawekewa VAT ya asilimia 18. Ni 1,822,500 nyingine.

Jumla ya kodi ni 5,947,500. Ongeza usajili wa 200,000. Hapo sijagusa tozo ya reli, ada ya forodha, wakala wa bandari, wala mafuta na dereva wa kuileta zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar hadi Tarime.

Gari ni milioni sita na kodi ni milioni sita. Kwa maneno mengine, mzee wangu ananunua IST mbili, moja anapewa na nyingine anaiacha bandarini.

Na msidhani hii ni bahati mbaya ya gari niliyochagua mimi. IST ya toleo la kwanza, hii tunayoiona kila kona, ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Hakuna hata moja iliyo chini ya miaka 10. Raum, Vitz za zamani, Premio za bei ya mwalimu, zote ziko kwenye asilimia 30. Hata Passo ya cc 996, ambayo kwa injini inasamehewa kabisa ushuru wa ukubwa, umri ukiingia inalipa karibu shilingi 92 kwa kila 100 ya thamani yake. Gari anayoimudu Mtanzania wa kawaida ndiyo hiyo hiyo iliyopigwa alama na sheria.

Sasa fanya hesabu ya mtu mwingine. Huyu ana uwezo wa kuagiza Prado ya miaka mitatu yenye thamani ya milioni 100. Forodha milioni 25. Injini yake imezidi cc 2000, kwa hiyo asilimia 10, yaani milioni 12.5. Umri? Hakuna, ni mpya. VAT milioni 24.75. Jumla milioni 62.25. Mwenye Prado analipa shilingi 62 kwa kila 100 ya thamani. Mwalimu mstaafu wa Nkende na IST yake analipa 99. Nilirudia hii hesabu mara tatu kwa sababu nilidhani nimekosea.

Najua jibu litakalokuja. Nimelisikia darasani, na nimelisikia hata kwa baadhi yetu: ushuru wa umri ni wa kulinda mazingira na usalama, hatutaki Tanzania iwe jalala la magari ya Japani. Hoja hii si ya kijinga na sitaki tuipite kwa kelele. Gari kuukuu kweli hutoa moshi zaidi, na breki kuukuu nimezionja mwenyewe kwenye ile migomba. Wenzetu nao wana njia zao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku magari yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018.

Lakini jiulizeni huu ushuru unapima nini hasa. Haupimi moshi, haupimi breki. Unapima mwaka wa kutengenezwa tu. IST ya 2004 iliyokaguliwa na kutunzwa inaadhibiwa kuingia, wakati Carina ya 1998 ambayo tayari iko Nkende haiulizwi chochote. Na nani aliyebaki ndani ya hiyo Carina? Ni yule aliyeshindwa kulipa milioni sita ya kodi ili aiache. Ukipandisha bei ya gari yenye nafuu, mtu hanunui gari mpya. Anaendelea na ile mbovu zaidi. Anabadilisha ringi, anachomelea egzosi, anafunga breki kwa maombi. Kama lengo lingekuwa mazingira, mwenye kuondoa gari la miaka 25 barabarani na kuingiza la miaka 12 angepewa nafuu, maana amepunguza moshi. Sisi tunampa ankara.

Halafu kuna suala la barabara, kwamba lazima tuzilipie. Tunazilipia. Mwaka 2017 walifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, tukashangilia. Wakaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na hata mafuta ya taa, kwa hiyo bibi mwenye koroboi naye akawa analipia leseni ya magari. Mwaka 2023 ikaja 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli. Carina inayokunywa kuliko IST inalipa hizo kila siku.

Mtu wa Sirari ataniuliza: dada, si uvuke tu hapo Isebania ununue Probox ya Mkenya? Nilimuuliza baba mdogo swali hilo hilo, kwa sababu Probox zimejaa pale zinasubiri abiria wa Migori. Haisaidii. Soko la pamoja la Afrika Mashariki linasamehe ushuru bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, na Probox imezaliwa Japani hata kama imezeekea Migori. Ukitaka kuisajili huku unaanza hesabu upya.

Kwa hiyo tukaingia soko la ndani, na hapa nawapa yale niliyojifunza kwa kuumia kidogo.

Dalali mmoja wa Mwanza alituuzia maneno kwamba ana "IST namba D, kama mpya". Mzee macho yakawaka. Makamanda, herufi ya kwenye namba inaonyesha lini gari ilisajiliwa Tanzania, haionyeshi ilitengenezwa lini. Gari ya 2003 iliyoingia mwaka 2018 ina namba D na inauzwa bei ya namba D. Mwaka wa kutengenezwa soma kwenye kadi, na namba ya chesisi uilinganishe na iliyogongwa kwenye gari yenyewe. Ile IST kwenye dashibodi ilikuwa na kilomita 84,000, lakini pedali ya breki ililika mpaka chuma, na usukani ulikuwa umevishwa kava jipya siku hiyo hiyo. Fundi wetu akacheka tu. Kilomita zinarudishwa kama saa ya ukutani.

Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, yako mtandaoni, la sivyo utarithi makosa ya mtu wa Singida. Hakikisha jina la kwenye kadi ndilo la anayekuuzia, maana asiye mmiliki hawezi kukupa umiliki asionao. Na mjue hili la Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: inamlinda zaidi anayenunua kwa mtu ambaye kuuza bidhaa hizo ndiyo kazi yake, lakini ukishaikagua gari mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi ungeionyesha huwezi kurudi kuilalamikia. Kwa hiyo ama nenda na fundi anayejua, ama usijifanye umekagua.

Kwenye gari lenyewe sina ubishi mkubwa. Injini ya 1NZ iko kwenye IST, Raum, Probox na Fielder, kwa hiyo spea zake hukosi Tarime. Na nyie mnaoita IST "bebi woka" kwenye magrupu yetu, mkijirekodi ndani ya Crown za kuazima, nitawaheshimu siku mtakapombeba mjamzito saa nane usiku bila kumuuliza ana shilingi ngapi. Mnalia kodi mchana, usiku mnamcheka aliyekamuliwa kodi hiyo. Chagueni moja.

Sasa kuhusu cha kufanya. Asilimia 25 ya forodha ni ya jumuiya nzima, hiyo inahitaji mazungumzo Arusha. Ushuru wa umri ni wa kwetu wenyewe. Uko kwenye Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147, na Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Waliouweka kwa kunyoosha mikono wanaweza kuuondoa kwa kunyoosha mikono, kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka wowote. Ninachopendekeza tudai ni hiki: gari la chini ya cc 1500 lililopita ukaguzi lisitozwe ushuru wa umri, na anayelifuta kwenye usajili gari lake la zamani likauzwa chuma chakavu apunguziwe zaidi. Pengo la mapato likipigiwa kelele, waanze na mashangingi yao. Kila msafara ukipita kwenda Nyamongo tunahesabu V8 ngapi zimefuatana kumbeba mtu mmoja.

Kila mwaka kabla ya muswada wa fedha kupitishwa, Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wadau. Wenye viwanda huenda na majedwali. Wenye mabenki huenda na mawakili. Sisi huwa tunasubiri ipite ndipo tutukane Twitter. Safari hii nataka twende na karatasi. Kila mmoja aingie kikokotoo cha TRA, aweke gari ambayo familia yake ingeweza kuinunua, achukue picha ya matokeo, aandike chini yake nyumbani wanatumia gari gani sasa na ina miaka mingapi. Leteni kwa makatibu wa kata. Mimi ya kwetu nimeshaichapa.

Mzee hakununua. Milioni tisa haikutosha kwa Japani, na za Mwanza alizoziona alisema ni Carina nyingine zenye rangi mpya. Iko pale chini ya mwembe, matairi ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. Fundi ameagiza masta silinda ya breki, inakuja na basi Jumamosi. Jumatatu anairudisha barabarani.