Mazungumzo na Wazazi na Vijana: Je, Biliadi Yaweza Kuwa Kazi?



Swali la safari hii latoka kwa wazazi wa Masisi, na lingine la namna ile ile twalisikia upande wa Walikale. Lasema hivi: kijana wa miaka 14, mwanafunzi wa sekondari, alishika fimbo ya biliadi mwaka jana tu, na sasa hapana mtu mzima katika senta awezaye kumshinda. Katika simu ameona watu waliovaa vizibao safi wakicheza kimya mbele ya umati, nao hulipwa fedha nyingi. Ataka kuacha masomo, mchezo huo uwe kazi yake ya maisha. Baba yake asema huo ni uhuni. Mama yake asema heri fimbo ya biliadi kuliko bunduki. Nani asema kweli?

Kwanza, mama huyo asichekwe. Rubaya ilitekwa na wapiganaji wa M23 mwaka 2024. Januari 2025 ikafuata Masisi yenyewe. Machi mwaka huo huo wakaingia Walikale, wakaondoka baada ya majuma machache. Shule zimefungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Kijana asiye na la kufanya jioni huitwa upesi na wenye silaha, au hushuka shimoni kutafuta madini. Mama aliyeyaona hayo, akasikia mlio wa mipira ya biliadi badala ya mlio wa risasi, ana haki ya kushukuru.

Hata hivyo, sharti tujue ni mchezo gani tunaouzungumzia. Meza tunazoziona katika senta zetu ni ndogo, nazo huchezwa kwa mipira 15 na mmoja mweupe, mtu akilipa kwa kila mchezo. Wale wa vizibao hucheza snuka. Meza yao ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, yaani karibu mita tatu na nusu kwa mita moja na robo tatu, na mifuko yake ni migumu kuingiza. Mipira ni 22: nyekundu 15, mweupe mmoja wa kupigia, na sita ya rangi nyingine. Mchezaji huingiza mwekundu kwa pointi 1, kisha mmoja wa rangi, kuanzia manjano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye 7. Wa rangi hurudishwa mezani, naye huendelea hivyo bila kukosa. Akimaliza meza yote kwa namna iliyo bora kabisa hupata 147. Bingwa wa meza ya senta aionapo meza hiyo mara ya kwanza aweza kudhani amepelekwa kucheza katika malisho ya ng'ombe.

Mchezo huo ulizaliwa Jabalpur, katika India, mwaka 1875, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza. Jina lake lilikuwa la dhihaka, waliloitwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha kijeshi. Basi kijana anayechekwa kwa kukosa mpira rahisi asione haya. Jina lenyewe la mchezo lilianza kwa kicheko. Wabelgiji, waliokuwa watawala wetu zamani, walipenda zaidi biliadi ya namna nyingine, yenye mipira mitatu na meza isiyo na mifuko, na Mbelgiji Raymond Ceulemans alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo mara nyingi tangu 1963.

Sasa, je, miaka 14 ni kuchelewa? Stephen Hendry wa Scotland alipewa meza ndogo na wazazi wake Krismasi ya mwaka 1981, naye alikuwa karibu kutimiza miaka 13. Akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 1985, akiwa na miaka 16. Mwaka 1990, kwa miaka yake 21, alikuwa bingwa wa dunia, na taji hilo alilitwaa mara saba kwa jumla. Ng On-yee wa Hong Kong naye hakuanza utotoni bali katika ujana wake, akawa bingwa wa dunia wa wanawake mara tatu. (Wasichana wasomao ukurasa huu waliangalie jina hilo.) Luca Brecel wa Ubelgiji alianza mapema zaidi. Mwaka 2012, akiwa na miaka 17, aliingia jumba la Crucible huko Sheffield, ambako ubingwa wa dunia huchezwa tangu 1977. Lakini tangu siku ile hakushinda hata mchezo mmoja katika jumba hilo hadi mwaka 2023, na mwaka huo akachukua taji lenyewe! Ni miaka kumi na moja ya kungoja.

Kwa hiyo umri si kizuizi. Kizuizi ni saa za mazoezi, na mahali pa kuyafanyia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao huinama juu ya meza saa tano, saa sita kila siku, kwa miaka.

Tungependa kukaa kidogo na habari za mtu mmoja, maana maisha yake yafanana na ya vijana wetu wa Rubaya na Bisie kuliko yale ya Hendry. Ray Reardon alizaliwa mwaka 1932 huko Tredegar, mji wa makaa ya mawe katika Wales. Alijifunza kucheza tangu utoto katika jumba la wafanyakazi wa mji huo. Alipotimiza miaka 14 alishuka mgodini kama baba yake, akivaa glavu ili mikono yake isiharibike kwa ajili ya biliadi. Hebu fikirini wenzake walivyomtania! Tangu 1950 alikuwa bingwa wa Wales miongoni mwa wasiolipwa, miaka sita mfululizo, na bado alichimba makaa. Mwaka 1957, katika mgodi wa Staffordshire, dari iliporomoka ikamfukia. Alilala chini ya mawe saa tatu bila kuweza kujigeuza, akijituliza kwa mawazo ya michezo ya utoto, hata walipomtoa. Baada ya hayo aliacha mgodi akawa polisi. Mwaka 1967 tu, akiwa na miaka 35, aliacha upolisi akaufanya mchezo kuwa kazi. Alikuwa bingwa wa dunia mara sita kati ya 1970 na 1978. Fainali ya mwisho aliyoshinda, mwaka 1978, alicheza na Mwafrika Kusini, Perrie Mans, ambaye mwaka uliofuata alishinda mashindano makubwa ya Masters huko London. Reardon alifariki Julai 2024, mwenye miaka 91.

Wachimbaji wa Bisie, waliobeba magunia ya madini ya bati mgongoni wakipita msituni, hawahitaji kuelezwa maana ya saa tatu chini ya udongo. Twaomba tu waone kwamba mtu huyo alitunza kipaji chake miaka ishirini huku akila jasho la kazi nyingine. Mwenzake Terry Griffiths, Mwales pia, alikuwa kondakta wa basi, mpeleka barua, kisha wakala wa bima. Aligeuka mchezaji wa kulipwa mwaka 1978, akawa bingwa wa dunia mwaka 1979.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndizo zinazong'aa katika simu. Bingwa wa dunia hupata pauni 500,000. Ni kweli, lakini ni mtu mmoja kwa mwaka. Wachezaji wa kulipwa duniani kote ni kama 128 tu. Anayeingia hupewa kibali cha miaka miwili, na muda ukiisha, asiyekuwa miongoni mwa 64 wa kwanza hurudi mlangoni kupigania nafasi upya. Kwa miaka mingi aliyeshindwa katika mchezo wa kwanza aliondoka mikono mitupu, naye amejilipia safari na malazi. Ndiyo sababu tangu msimu wa 2022 wakuu wa mchezo waliwahakikishia wachezaji pauni 20,000 kwa msimu, na hizo hukatwa katika mapato yao. Upo mlango wa Afrika pia: bingwa wa bara letu amepata kupewa kibali, na kwa njia hiyo waliingia Amine Amiri wa Morocco na Mohamed Ibrahim wa Misri. Wote wawili ni wa Kaskazini, ambako meza kubwa na vilabu vipo.

Huku kwetu hali ni nyingine. Meza halali ya snuka imetandikwa mawe ya bamba chini ya kitambaa cha sufu, na uzito wake wapita tani moja. Nani ataipandisha kutoka Sake mpaka Masisi katika matope ya masika? Walikale tulikuwa na ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kuchukua madini. Hatujasikia iliyoleta meza. Na hata ikifika, unyevu wa msitu huufanya mpira uende kizito. Katika mashindano makubwa meza hupashwa moto kwa chini ili kitambaa kikauke. Kijana wa kwetu atakayetaka kuigusa meza ya namna hiyo itampasa asafiri, pengine hadi vilabu vya Nairobi au Kampala, na safari yataka pasipoti, lugha na nauli.

Tena kuna kamari. Katika senta nyingi mchezo hauanzi kabla faranga hazijawekwa pembeni, na mshindi wa leo huuza shati lake kesho. Msidhani wakubwa wameokoka. Mwaka 2023 wachezaji kumi kutoka China walifungiwa kwa ajili ya michezo iliyopangwa kwa fedha za kubahatisha, na wawili kati yao, Liang Wenbo na Li Hang, kwa maisha yao yote. Zhao Xintong, ambaye hakupanga mchezo wake mwenyewe bali alihusika na ya wengine na kubashiri, alifungiwa miezi 20. Alirudi bila kibali, akaanzia michezo ya mchujo, na Mei 2025 akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Tumefurahi kwa ajili yake. Wenzake wawili hawatarudi.

Kwa baba twajibu: mchezo si uhuni. Anayeweka faranga mezani ndiye anayeufanya uhuni. Kwa kijana twajibu: usiache shule. Pembe unazozipima kwa jicho juu ya meza ndizo zile mwalimu azichorazo ubaoni, na bila Kifaransa na Kiingereza hutavuka mpaka kwenda kushindana na mtu.

Wazazi wampe saa moja kila jioni, baada ya masomo na kazi za nyumbani, bila dau. Afanye zoezi hili ambalo walimu wa snuka huanza nalo: aweke mpira mweupe katikati ya upande mmoja, aupige moja kwa moja hadi ukingo wa mbali, nao urudi ugonge ncha ya fimbo yake isiyosogea. Ukirudi kushoto au kulia, mkono umepinda. Apige mara mia, ahesabu mingapi imerudi, aandike katika daftari. Mwezi wa tatu baba aende mwenyewe akasimame nyuma yake, ahesabu naye, alinganishe na daftari. Kisha wazungumze juu ya nauli.