Sukari ikishuka, siyo pombe wala mapepo

Jamani vijana wa Dzaleka, tukisikia "sukari" tunawaza kupanda tu. Lakini sukari ikishuka inaweza kuua ndani ya siku moja. Mtu anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi akikosa chakula, dawa haimsubiri: inaendelea kushusha. Ikifika chini ya 70, au 3.9 kwenye mashine zingine, anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Majirani wanasema amelewa. Hapana! Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, mwangalie tena. Akipata nafuu, ale nsima. Akizimia, usimtie kitu mdomoni; mkimbize kliniki ya hapa hapa, juu Lilongwe ni mbali.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika: posho ikichelewa, mgonjwa aulizwe kwanza atakula nini, ndipo dozi ipangwe. Wengine kwa hofu wanaacha sindano wenyewe, sukari inapanda, na hiyo nayo inaua. Kwetu sisi, chakula cha mgonjwa wa sukari ni sehemu ya dawa yake. Kihesabiwe hivyo.