Kiburi cha Nani? Juu ya Ila Wanayobebeshwa Mashujaa wa Tendi

Katika kukagua mazoezi ya ualimu kati ya Bungoma na Kitale, nimelikuta ubaoni somo lilelile katika shule tatu tofauti: "Ila ya shujaa ni kiburi." Chini yake yamepangwa majina: Achilles, Fumo Liyongo, Lwanda Magere. Katika darasa moja mwanafunzi wetu, akitaka mfano wa nyumbani, aliongeza Elijah Masinde. Sikumlaumu. Alikuwa akirudia tuliyomfundisha, na kwa hiyo lawama za makala haya zatuelekea sisi wahakiki.

Aghalabu twadai kuwa kanuni hii ni ya Aristotle. Si yake. Hamartia anayoitaja katika kitabu chake cha ushairi ni kukosea, mithili ya mpiga mshale aliyeikosa shabaha. Hakusema kwamba kosa hilo ni kiburi. Hubrisi nayo, anayoifafanua katika kitabu chake cha balagha, ni tendo: kumtweza mtu kwa raha tu ya kumtweza. Homer ndiye anayetuumbua zaidi. Katika kitabu cha kwanza cha Iliad neno hilo latamkwa mara mbili, kwanza na Achilles, kisha na Athena, na mara zote mbili mshtakiwa ni Agamemnon, mfalme aliyemnyang'anya mwenzake Briseis. Sisi tumemwachilia mfalme na kumtwisha kosa lake yule aliyedhulumiwa.

Nakubali kwamba hasira ya Achilles iliwaponza wenzake wengi, na kwamba Odysseus, alipomtajia Polyphemus jina lake kutoka baharini, alijiletea msiba kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini msomaji aliyewahi kusikiliza majigambo, au aliyekaa katika matanga ya Wabukusu akamsikiliza mtambaji wa kuswala kumuse akitaja koo na matendo ya waliotangulia, anajua kuwa kujitaja na kutaja wazee ni sehemu ya utanzu. Shujaa hulitangaza jina lake kwa sababu hadhira yangojea alitangaze. Kulipima jambo hilo kwa mizani ya adabu za mezani ni kutojua kinachosomwa.

Tumtazame Liyongo. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mtawala wa Pate anamwogopa Liyongo, anamfunga, na mfungwa anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Vitimbi vinaposhindikana, mtawala anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mwana anamwuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Wahakiki wa kiburi husema hapa ndipo shujaa anapojisahau. Je, wameusoma utendi? Liyongo anashuku kwamba mwanawe ametumwa, anamtahadharisha kuwa waliomtuma watamhadaa, kisha anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Ni baba anayemjibu mwanawe huku akijua gharama yake. Waweza kuliita jambo hilo huruma, au uchovu wa kuwindwa. Mimi naegemea uchovu. Kiburi sikioni. Siri ya Lwanda Magere nayo ilitoka alipokuwa mgonjwa, akimwelekeza mkewe wa Kinandi achanje kivuli chake badala ya mwili. Mgonjwa anayeomba dawa anajivunia nini?

Masinde si mhusika wa utendi, ijapokuwa visakale vyake vimekwisha kuenea, na ndiyo maana kosa la ubaoni lina uzito. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimweka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo hadi 1947. Mwaka huohuo aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa huko mwaka 1895 na msafara wa Hobley. Mwaka 1948 polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Malakisi, Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye akapelekwa uhamishoni Lamu, pwani ileile ya Liyongo. Dai la ardhi, ambalo kila familia iliyofanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia ililielewa, liligeuzwa likawa swali la kichwa cha mtu mmoja. Serikali huru nayo iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1968. Mwalimu anapoandika "kiburi" mbele ya jina la Masinde, huku Chetambe ikiwa karibu kiasi hicho, anakamilisha kazi ambayo Mathari haikuimaliza.

Mwanafunzi yule aliniuliza baada ya kipindi aandike nini badala yake. Nilimwambia aanze kwa kuuliza nani alimtweza nani kwanza, katika kila kisa, na awaachie wanafunzi watafute jibu ndani ya matini. Mwenzangu anayeshikilia kwamba Liyongo aliuawa na kiburi chake na atuonyeshe ubeti. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwake.