Mteja wa steshenari anunue faili, si karatasi

MSIMU wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huanza kuonekana mjini Bariadi, na sehemu yake huingia katika biashara ambayo wachambuzi wa soko hawana mazoea ya kuitazama, yaani steshenari. Mkulima wa Itilima au Meatu aliyeuza pamba yake kwenye AMCOS humpa kijana wake aliyehitimu chuo nauli pamoja na fedha ya kuandaa maombi ya kazi. Kijana hufika mjini, huchapiwa wasifu, au CV kama tulivyozoea kusema, hutolewa nakala za vyeti, hulipia kuskani, kisha hurudi nyumbani na bahasha ya karatasi.

Kwa maoni yangu hapo pana hitilafu ya kibiashara. Mteja alikuja kununua faili, naye ameuziwa karatasi.

Tuanze na mnunuzi wa mwisho, maana ndiye anayepanga masharti. Kazi za serikali hivi sasa huombwa kwa mtandao, kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Matangazo yake hudai barua ya maombi iliyosainiwa, wasifu wenye anwani na namba za simu za kuaminika pamoja na majina ya wadhamini watatu, na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili. Viambatisho hivyo hupakiwa vikiwa PDF, tena vina ukomo wa ukubwa. Bahasha iliyopelekwa nje ya utaratibu huo haishughulikiwi.

Ushindani wenyewe si wa mchezo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027. Ukigawa utapata waombaji wapatao 85 kwa kila nafasi. Katika soko lenye wauzaji 85 na mnunuzi mmoja, sioni ni nani atakayempigia simu kijana wa Lagangabilili kumweleza kwamba faili lake limegoma kufunguka.

Kwa nini PDF? Aina hii ya faili ilitolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, na tangu mwaka 2008 imekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, hivyo si mali ya kampuni moja tena. Kazi yake ni kuushika ukurasa jinsi ulivyo, usomwe kwenye mashine yoyote bila kuchezacheza. Faili la Word halina ahadi hiyo, kwa sababu limetengenezwa ili liendelee kuandikwa. Wasifu uliochapwa kwa Word mpya hapa Bariadi, ukifunguliwa Dodoma kwenye kompyuta yenye Word ya zamani, au kwenye simu, unaweza kubadilika fonti, jedwali la shule likasogea, na wadhamini wakaangukia ukurasa wa tatu peke yao.

Hivyo jibu la haraka ni PDF. Word ipelekwe pale tu tangazo linapoitaja. Wapo wanaoitaja, hasa mawakala wa ajira, ambao hupenda kuweka nembo yao juu ya wasifu kabla ya kuupeleka kwa mwajiri. Tangazo likisema hivyo, lifuatwe bila ubishi.

Hata hivyo, PDF zenyewe zina madaraja. Wasomaji wa mkoa huu wanafahamu tofauti ya pamba safi na pamba fifi, ambazo zote zinaweza kutoka shamba moja. PDF safi hutolewa moja kwa moja ndani ya Word, kwa amri ya kuhifadhi kama PDF, na maandishi yake hubaki maandishi. PDF fifi ni ile iliyozunguka: wasifu umechapwa, ukatolewa kwenye printa, ukalazwa kwenye skana, kisha ukarudi ndani ya kompyuta ukiwa picha ya karatasi. Kwa macho zinafanana kabisa. Lakini kompyuta ya mwajiri ikitafuta neno "uhasibu" ndani ya picha hiyo haioni kitu, isipokuwa kama ina programu maalumu ya kusoma maandishi kwenye picha. Makampuni makubwa yanayopokea maombi kwa maelfu hutumia programu kuchambua wasifu kabla binadamu hajaugusa.

Kupima daraja hakuhitaji fundi. Fungua faili, jaribu kuliteua jina lako kwa mausi au kwa kidole. Likiteulika neno kwa neno, hiyo ni safi. Ukiona ukurasa mzima unashikwa kama picha, umeuziwa fifi, na una haki ya kurudi kaunta.

Ukubwa nao una hesabu yake, ambayo wenye steshenari wengi hawaifanyi. Karatasi moja ya A4 ikiskaniwa kwa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, hubeba takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukishusha hadi nukta 150 inabaki robo yake, na ukiacha rangi ukatumia kijivu inabaki theluthi ya robo hiyo, ikiwa bado inasomeka vizuri. Wasifu wa kurasa mbili uliotolewa moja kwa moja kwenye Word, usio na picha, mara nyingi haufiki hata kilobaiti 200. Vyeti havina budi kuskaniwa, kwa kuwa mhuri wa wakili uko kwenye karatasi. Barua vilevile, kwa ajili ya saini. Wasifu haudaiwi mhuri, na kuuskani ni kumtoza mteja kwa kazi ambayo imemharibia mali.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme, kwa mfano tu, kuchapa ukurasa mmoja ni sh. 1,000, na wasifu una kurasa tatu. Mteja akiondoka bila faili la Word, siku akibadilisha namba ya simu au akipata cheti kipya analazimika kurudi duka lile lile, au kuchapiwa upya kwingine. Akiomba kazi mara sita kwa mwaka huku akibadilisha jambo kila mara, hiyo ni sh. 18,000, achilia mbali nauli. Kwa anayetoka Mwanhuzi au Nyashimo, nauli ndiyo inayouma zaidi.

Baadhi ya wenye maduka wanaona faida iko hapo hapo. Hoja yao ni kwamba faili likikaa kwangu, mteja ni wangu. Mimi niliyesomea biashara siidharau hoja hiyo, kwani kumshika mteja ni sehemu ya kazi ya muuzaji. Tatizo ni kwamba huyu hashikwi na ubora wa huduma, anashikwa kwa kunyimwa kitu alichokwisha kukilipia. Siku akipata simu janja na kijana wa jirani wa kumwelekeza, anahama, na anahama na ukoo wake.

Aidha, kuna upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo inampa wajibu anayekusanya na kutunza taarifa za watu. Tazama kioo cha kompyuta ya steshenari yoyote: vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, vyeti vya kidato cha nne, vyote vya watu ambao mwenye duka hawakumbuki hata sura. Anadhani ametunza wateja. Ametunza dhima, na ingekuwa nafuu kwake kumkabidhi mteja mafaili na kuyafuta mbele yake.

Namna ya kuyakabidhi ni suala dogo, ila lina mtego. Flashi ikichomekwa kwenye mashine yenye virusi, mafaili yote hugeuka shotikati, na mteja hugundua akiwa amekwisha kufika nyumbani. Barua pepe ni salama zaidi. Mteja ajitumie mafaili akiwa bado kaunta, ayafungue kwenye simu yake kuhakikisha, kisha atoke kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka.

Ningependa kuona kibao cha bei ukutani kinachotaja bidhaa hii waziwazi: wasifu, mafaili mawili, moja la Word la kubaki nalo na kurekebisha, jingine la PDF la kupeleka, yote yakiwa na jina la mwenyewe na si "scan0001". Atoze zaidi akitaka. Mwekezaji mdogo anayefikiria kununua mashine ya pili ya kutolea nakala ajiulize kwanza kama mtumishi aliyeko kwenye mashine ya kwanza anajua tofauti ya PDF safi na fifi, kwa sababu kumfundisha ni kazi ya mchana mmoja na hakuhitaji mkopo.

Na wafanyabiashara wasidhani hii ni habari ya wahitimu peke yao. Zabuni za serikali na halmashauri huombwa kupitia NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS kuanzia mwaka 2023, na huko nako kuna nyaraka za kupakia na saa ya kufunga. Mzabuni wa Bariadi anayetaka kuiuzia halmashauri samani au vyakula vya shule atahitaji kaunta ile ile, mara nyingi jioni ya siku ya mwisho, naye atakwenda kwa yule aliyesikia kwamba mafaili yake hufunguka.