Mirathi ya Seli na Maradhi ya Titi



Ndugu wasomaji, sote twajua kwamba mirathi yataka hesabu na uadilifu. Akiingia asiyestahiki, mafungu huharibika. Jambo mfano wa hilo hupita ndani ya miili yetu.

Kila seli ya kawaida ya mwili, isipokuwa chache, hubeba kromosomu 46, zenye maagizo ya kazi zake. Kabla ya kugawanyika, kromosomu hizo hunakiliwa, ili kila seli changa ipate 46 kamili. Wasimamizi wa mgawanyo huo ni vitu viwili vidogo mno viitwavyo sentrosomu: kimoja husimama upande huu na cha pili upande ule, na nyuzi zitokazo kwao huvuta kila fungu kwa mwenyewe.

Katika saratani ya matiti, mara nyingi wataalamu huona sentrosomu zimezidi idadi au ukubwa. Wasimamizi wakiwa watatu au wanne, kromosomu huvutwa huku na huku; seli moja hupata ziada, nyingine hupunjwa. Nyingi katika hizo hufa. Lakini seli za saratani zina hila: hukusanya sentrosomu za ziada pande mbili, zikaendelea kuishi huku hesabu ikizidi kuharibika.

Theodor Boveri, mtaalamu wa Ujerumani, aliyaashiria haya mwaka 1914, akitegemea uchunguzi wake wa mayai ya yule mnyama wa bahari mwenye miiba awachomaye wavuvi wetu nyayoni. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakaeleza dosari hizo katika uvimbe wa matiti ya wanawake.

Nimeyaeleza kwa sababu wapo wasemao maradhi haya ni hasadi ya jirani au adhabu, na mgonjwa akajificha hadi kidonda kikafunguka. Mama zangu na dada zangu, haya ni pambo la Muislamu, wala haikuwekwa iangamize nafsi. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Uonapo uvimbe, ngozi kubonyea, chuchu kuzama au kutoa damu, nenda hospitali. Mtafute daktari mwanamke. Asipopatikana, wanavyuoni wameruhusu mwanamume akutazame kwa kadiri ya haja, na maharimu wako akiwapo. Si kila uvimbe ni saratani, lakini hilo hujulikana kwa kipimo, si kwa dhana. Nanyi waume, msingoje kuombwa nauli.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.