PIKIPIKI YA MAREHEMU BABA: RANGI INGOJE



Kijana mmoja wetu amerithi pikipiki ya marehemu babake, Honda CG125, iliyokaa miaka nyuma ya nyumba ikilaliwa na kuku. Alinijia na shilingi 15,000 nimwombee: apake rangi, anunue kiti kipya, Jumatatu aanze kubeba abiria. Tuliomba. Kisha nikamwambia hapana.

Wengine wananiambia pastor, usimvunje kijana imani. Sikubali. Katika Luka 14 anayetuambia tuketi tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara ni Bwana mwenyewe. Na mimi nimezika vijana wawili wa boda. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya rangi.

Pesa ya kwanza ni ya breki na tairi. Tairi la zamani lililopasuka nyufa halifai, hata kama si kipara. Cheni ikiwa imeisha, badilisha pamoja na sproketi zote mbili, maana cheni mpya kwenye meno yaliyolika huisha mbio sana. Mwaga oili yote ya zamani. Safisha kabureta. (Nilishika spana kabla ya kushika maikrofoni, mnajua.) Petroli iliyooza itoke, na kutu ya ndani ya tangi usikimbilie kununua tangi lingine: jaza siki, acha usiku kucha, mwaga, suuza, kausha kabisa. Hiyo siki unaipata dukani kwa mama mboga jirani.

Honda walianza kuiuza CG125 mwaka wa 1976, wakaiunda iwe ngumu na rahisi kutunza. Ndiyo maana naona heri hii kuliko mkopo wa pikipiki mpya unaolipwa kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, uwe mgonjwa au mzima.

Lakini logibuku bado ina jina la marehemu. Hilo familia ikae chini ilimalize sasa, mama akiwepo, kabla ya kununua hata plagi. Pikipiki ikiwa chuma cha kuku haina mwenyewe. Siku itakapoanza kuleta pesa utashangaa ina warithi wangapi.

Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi tunaifungua nyuma ya kanisa. Mwenye spana namba 10 na 14 alete, na karai kuukuu. Kuku wameshatafutiwa mahali.